Mkia wa punda unakuja Dar

Moshi

Mpendwa Mama Zuhura,

Natumaini wote hamjambo. Huku tu wazima, masika yameisha na asubuhi mlima unaonekana wote.

Ule mmea wa mkia wa punda uliokuwa ukiutamani hapa barazani nimekukatia. Nimeupanga kwenye boksi la viatu, nikamkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, Zuhura akaupokee Mbezi. Mkifungua msishtuke: majani mengi yatakuwa yamepukutika, yamelala chini ya boksi kama maharage. Ndiyo tabia yake, hata kanga ikiugusa yanadondoka. Msitupe hata moja. Kila jani ni mche. Yaweke juu ya udongo mkavu kivulini, usiyafukie, usiyamwagilie. Baada ya wiki kadhaa utaona vijizizi vyembamba vya rangi ya waridi vikitoka pale jani lilipokuwa limeshika shina, halafu kichipukizi kidogo mno. Hapo ndipo uanze kunyunyizia. Jani mama litanyauka lenyewe, liache.

Yale mashina marefu nayo usiyapande siku hiyohiyo. Yaache siku tatu nne kidonda kikauke, la sivyo yataoza.

Sasa udongo. Huku tunasaga mawe mepesi ya volkano tukachanganya, mambo yakaisha. Wewe tafuta mchanga wa mtoni wenye chembe nene, sehemu mbili kwa moja ya udongo wa bustani, na vipande vya tofali la kuchoma ukipata. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Na tafadhali, hivyo vyungu vya plastiki vinavyouzwa barabarani, vya kupendeza lakini havina tundu chini, mimi sivitaki hata bure. Kopo la rangi lililotobolewa linavishinda.

Lakini ninachotaka ukishike zaidi ni habari ya usiku, maana najua wewe utahangaika na jua na maji tu. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana. Huu na jamaa zake hufunga mchana ili maji yasipotee, hufungua usiku, huvuta hewa ya kaboni na kuiweka akiba ndani ya jani ikiwa asidi, kisha huitumia jua likitoka. Mwanzoni mwa karne ya 19 Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, alitafuna jani la mmea wa ukoo huohuo akaandika kwamba asubuhi ni chachu, mchana halina ladha, jioni lina uchungu kidogo. Basi, usiku wa baridi ndio unaoufaa. Asili yake ni Mexico, jimbo la Veracruz, unaning'inia kwenye majabali. Huku Moshi usiku unapoa, wenyewe unashukuru. Kwenu Januari saa sita za usiku bado mnajipepea, na mmea nao unapata shida vilevile.

Kwa hiyo usiuweke sebuleni madirisha yamefungwa. Uning'inize barazani upande wa mashariki, upate jua hadi kama saa nne asubuhi, kisha kivuli, na usiku upepo uupitie. Uwe juu, mahali ambapo watoto hawaparamii na paka hapiti. Sasa hivi kipupwe ndiyo kinaanza, ndiyo maana nimeutuma mwezi huu. Ukishika mizizi mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu uache udongo ukauke kabisa. Inua kopo: likiwa jepesi, na majani yakiwa yamelegea kidogo ukiyabonyeza, hapo una ruhusa. Kaskazi ikianza kuchoma punguza. Masika uingize chini ya bati.

Utaona majani yana ungaunga mweupe. Usiufute, wala usioshe ukidhani vumbi. Ndio unaokinga jani na jua. Ukipitisha kidole alama inabaki hapohapo, jani halirudishi. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni kile cheupe kinachofanana na pamba, kimejibana pale jani linapokutana na shina. Hivyo ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Ukiona sisimizi wanapanda kamba ya kopo, chunguza haraka, kwa sababu wanafuata utamu wa vidung'ata. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti uwaguse mmoja mmoja. Kazi ya kuchosha, lakini dawa ya kupuliza itauharibu ule unga.

Halafu nilikuwa sijakwambia: ukoo huu tunao hata hapa Kilimanjaro. Yupo Sedum mmoja (ndilo jina la kitaalamu la kundi la mkia wa punda) anaota juu ya miti na mawe msituni, wataalamu wamempa jina la yule Mjerumani Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889. Siku ukija nitakutembeza, ila wa msituni hatukati, tunautazama tu.

Msalimie Baba Zuhura na mwambie ndoano ya kuning'inizia aifunge kwenye boriti, si kwenye gypsum, kopo likilowa ni zito. Na ule mche wa asumini ulioniahidi naungoja bado. Kondakta huyohuyo anarudi kesho, mpe.

Wako,
Mama Neema