Mechi nne siku moja, mwili unalipaje?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wanaona bondia akipigana mara moja alafu anapumzika miezi, wanadhani michezo yote ya mapigano iko hivo, kumbe kwenye judo na mieleka mtu anaweza kuingia ulingoni mara nne au tano siku hiyohiyo. Pambano la judo ni dakika 4, likiwa sare linaendelea mpaka mmoja apate pointi, na hapo moyo unadunda karibu na mwisho wa uwezo wake, lakteti, ile kemikali misuli inayotoa ikifanya kazi kwa nguvu sana, imejaa kwenye damu. Kinachochoka mapema ni mikono! Kufika mechi ya tatu misuli ya kigasha imekaza kama mbao, anashika kola ya mpinzani inamchomoka tu, alafu shabiki anapiga kelele eti mvivu. Na hapo usisahau wengine jana yake walijinyima maji ili wasizidi uzito wa kundi lao.

Kuna makocha wanamwacha mchezaji alale tu kati ya mechi, mi sikubaliani, atembee au akimbie taratibu, lakteti inashuka haraka kuliko akikaa, anywe maji, ale kitu chepesi chenye wanga. Waandaaji nao waache kubana ratiba, jamaa jasho halijakauka anaitwa tena!

Msomaji wenu