Sifuri isijaze pengo la taarifa

Mhariri,

Naomba watengenezaji wa programu waache kuonyesha 0 pale ambapo taarifa haijajazwa. Kipimo cha sukari ambacho hakikuchukuliwa kikiingia kama 0, wastani wa mgonjwa hushuka na daktari hupotoshwa. Hili ni hatari kweli. Hifadhidata hutofautisha sifuri na thamani isiyokuwepo. Skrini nayo itofautishe. Iandikwe "Haijajazwa" kwa kijivu kilichokolea, kikitofautiana na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1, na "Haihusiki" pale swali lisipomgusa mtu. Kistari peke yake hakitoshi: kwenye safu ya namba hufanana na alama ya kutoa, na programu zinazowasomea wasioona zinaweza kukiruka. Maandishi ya mfano ndani ya kisanduku cha kujazia jibu nayo huweza kudhaniwa kuwa jibu. Yahamishiwe nje, juu ya kisanduku.

Mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta