Nunua Baiskeli Nzima, Gurudumu la Nyuma Likazwe Upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie swali linaloulizwa na wafanyakazi wengi wa hapa Mwanza wanaofikiria kwenda kazini kwa baiskeli: mtu anunue baiskeli ya gia moja iliyo tayari dukani, au atafute fremu ya mtumba na vipuri, kisha ampe fundi amuundie? Jibu langu ni kwamba asiye na fremu nzuri mkononi anunue nzima, na fedha ambazo zingemalizikia katika kuunda azitumie kwenye gurudumu la nyuma, breki na idadi ya meno ya friwili, yaani gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo. Najua wapo watakaonipinga, hasa mafundi, ambao kwao kuunda kuna heshima kubwa kuliko kukaza nati za baiskeli iliyoundwa na wengine.

Gia moja yenyewe inahitaji kutetewa kwanza, kwa sababu husemwa mara kwa mara kuwa Jiji la Miamba halipitiki bila gia nyingi. Hilo hutegemea mtu analala wapi na anafanya kazi wapi. Anayeingia mjini kwa Barabara ya Kenyatta kutoka Buhongwa au Mkolani, kwa Barabara ya Nyerere kutoka Igoma, au kwa Barabara ya Makongoro kutoka upande wa uwanja wa ndege, hukutana na miinuko, lakini mtu mwenye afya ya kawaida huipanda bila kushuka. Anayeishi juu Isamilo ana haki ya kusita. Na yule ambaye nyumba yake imebandikwa kwenye mawe ya Igogo au Mabatini hata gia 21 hazimsaidii kitu, kwa kuwa njia ya kufika mlangoni kwake ni ngazi, na baiskeli ataibeba begani tu.

Faida ya gia moja ni uchache wa vitu vya kuharibika. Mnyororo wake hunyooka moja kwa moja kutoka gia ya mbele hadi ya nyuma, tena ni mpana zaidi, 1/8 ya inchi ndani, ilhali ule wa baiskeli za gia nyingi ni 3/32 au chini ya hapo. Hakuna waya wa gia wa kushika kutu wakati wa masika, wala kibadilisha gia kinachoning'inia karibu na ardhi kikisubiri jiwe.

Sasa tuje kwenye kuunda, ambako ndiko fedha za wengi hupotelea. Kwa kawaida mtu huanza na fremu ya baiskeli ya milimani iliyokuja kwa mtumba, akavua kibadilisha gia, waya na gia za ziada, akaona kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Nyingi ya fremu hizo zina uwazi wa kushikia ekseli ya nyuma uliosimama wima, kiasi kwamba gurudumu haliwezi kusogezwa mbele wala nyuma. Baiskeli ya gia moja huhitaji uwazi uliolala, ili mnyororo unapolegea, na kila mnyororo hulegea kadiri unavyolika, gurudumu livutwe nyuma kidogo na nati zikazwe tena. Fremu isipokuwa na uwazi wa namna hiyo, italazimu kufungwa kikaza mnyororo chenye springi, yaani kitu kilekile cha kuning'inia ambacho mwenye baiskeli alikuwa anakikimbia. Kwa hiyo kabla ya kumlipa muuza fremu senti yoyote, inama uangalie pale ekseli inapokaa.

Upana nao ni mtihani. Fremu nyingi za milimani huachia milimita 135 kwa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, wakati habu za baiskeli kubwa za gia moja huwa kati ya 110 na 120. Fremu ya chuma fundi mzoefu anaweza kuibana kidogo. Ya aluminiamu haifai kulazimishwa, kwa kuwa hupasuka. Njia iliyo bora ni kuitumia habu ileile ya zamani, kama ni ya friwili ya kukazwa kwa hesi: fungu la gia likifunguliwa, friwili ya gia moja huingia kwenye hesi hizohizo, kisha washa, yaani visahani vya chuma, za upande wa kulia wa ekseli huhamishiwa kushoto mpaka mnyororo unyooke, na rimu huvutwa kwa spoku irudi katikati ya fremu. Kazi hiyo ikifanywa kwa utulivu, gurudumu huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani, kwa sababu spoku za pande zote mbili sasa zinavutwa karibu sawa. Ikifanywa kwa haraka mnyororo hukaa upande, huruka meno, na huruka hasa wakati mwendeshaji amesimama juu ya pedeli akijitahidi kuliwahi pengo kati ya daladala na bajaji.

Sitaji bei, maana zinabadilika na kila muuzaji ana yake. Hata hivyo kiwanda hununua rimu, tairi na minyororo kwa wingi, nasi tunanunua kimoja kimoja kwa rejareja, na anayeunda husahau kuhesabu madigadi, keria, stendi, kengele na kava ya mnyororo, ambavyo kwenye baiskeli kubwa nyeusi ya dukani, iwe Phoenix ya Uchina au mojawapo ya zile za India, kwa kawaida huja pamoja. Mtu anayevaa suruali safi kwenda ofisini ataelewa upesi thamani ya kava ya mnyororo.

Lakini baiskeli ya dukani haiko tayari kama inavyong'aa. Mpelekee fundi kabla hujaipanda, naye ataipindua, atazibana spoku mbilimbili kati ya kidole gumba na vidole vingine, akizunguka gurudumu zima, na mara nyingi atakuonyesha kuwa moja ni ngumu na ya pili yake inacheza. Wengi hudhani spoku hukatika kwa kukazwa mno, kumbe aghalabu hukatika kwa kulegea: kila gurudumu linapozunguka na mzigo, spoku iliyolegea huachia na kuvutwa tena, mpaka chuma kichoke pale ilipokunjwa kwenye habu. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito, pamoja na mzigo wa keria. Fundi akilikaza upya, robo mzunguko kwa robo mzunguko, akitumia mpira wa breki kama kipimo cha kuona rimu inapoyumba, umenunua miaka ya amani kwa ujira wa kazi ya muda mfupi. Wakati huohuo afungue habu, atazame kama gololi zina grisi ya kutosha, na azikaze kota pini, yaani pini zinazoshika mikono ya pedeli kwenye ekseli yake, ambazo zikiachwa zicheze huliwa upande mmoja na hazitengemai tena.

Breki za vyuma virefu zinazobana rimu ya chuma hushika vizuri kukiwa kikavu, ila mvua ikinyesha rimu hiyo huteleza, na umbali wa kusimama huongezeka sana. Anayeweza abadilishe rimu ya mbele aweke ya aluminiamu na breki za waya.

Kuhusu meno, hesabu ni nyepesi na sijui kwa nini wauzaji hawaifanyi mbele ya mteja. Tairi la inchi 28 likizunguka mara moja hutembea takriban mita 2.2. Gia ya mbele ikiwa na meno 44 na friwili meno 18, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka karibu mita 5.4, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 19 kwa saa. Badili friwili uweke ya meno 20, unakwenda kama kilomita 17 na nusu, na nguvu unayohitaji kukanyagia mlimani inapungua kwa sehemu moja katika kumi. Kwa safari ya kilomita nane unapoteza takriban dakika tatu, nami nadhani kwa jiji lenye miinuko kama letu hizo ni dakika za kutoa kwa moyo mkunjufu.

Wapo wanaostahili kuunda. Mwenye fremu ya chuma ya zamani yenye uwazi uliolala, inayomtosha urefu, asiitupe. Mtu mrefu sana au mfupi sana huenda asipate kipimo chake dukani. Kina mama na kina dada wanaovaa gauni au kitenge ningewashauri waangalie kwanza baiskeli za mtumba kutoka Japani zenye bomba la chini, ambazo nyingi zimekuja zikiwa na gia moja tayari, kikapu na taa ya dainamo. Tahadhari moja tu: tairi zake nyingi huandikwa inchi 26 kama zile za baiskeli za milimani, lakini hazibadilishani, kwa kuwa rimu ya moja ina kipenyo cha milimita 590 na ya nyingine 559. Soma namba iliyo ubavuni mwa tairi kabla ya kununua jingine.

Ombi langu kwa wenye maduka ya baiskeli hapa jijini ni dogo. Wekeni friwili za meno 20 na 22 kando ya zile za 18, mteja achague kabla ya kulipa, na spoku zikazwe na fundi wa duka kabla baiskeli haijatoka mlangoni, hata ikibidi ujira wake uongezwe kwenye bei.

Wako,
Msomaji,
Mkolani, Mwanza