Barua kwa mwanangu: mwanga umetokea wapi?

Mwanangu,

Pole sana baba. Kuku saba kwa usiku mmoja si mchezo, tena mitemba wale uliokuwa ukinihesabia siku zao za kuanza kutaga. Lakini hilo la mwisho ulilosema, kwamba utapaka sumu kwenye nyama uitege nyuma ya banda, ndilo lililonikalisha chini niandike.

Usitege. Sumu haichagui. Atakula mbwa wa jirani, atakula paka, na kuku wako wenyewe hawana wanachokiona wasikidonoe. Hata ukimpata mwizi wako, njia aliyopitia itabaki wazi, na mwenzake ataifuata.

Umesema umewakuta wamelala chini, shingo zimetafunwa, hakuna aliyeliwa zaidi ya mmoja. Basi mwewe mwache, yeye huja mchana na huondoka na chake. Nyoka naye humeza yai au kifaranga kizima, hatafuni. Mbwa huua akaacha, ila mbwa angebomoa, na wewe unasema waya haujaguswa. Mimi nahisi ni kicheche, au nguchiro kama ilikuwa alfajiri kumeshapambazuka. Watu husema wana roho mbaya. Sivyo, wakiingia mahali ambapo windo halina pa kukimbilia, huuma kila kinachopapatika. Na kuku gizani haoni. Anabaki kwenye fito akisubiri zamu yake.

Unakumbuka nilivyokufungia bandani ukiwa darasa la pili? Mpaka leo unawasimulia wadogo zako kwamba nilikuadhibu. Wiki ile nilikuwa nimepoteza kuku kumi na mmoja, nikamsingizia paka wa jirani, tukanuniana mwezi mzima. Usiku ule nikakuingiza ndani na tochi, nikakwambia umulike kuta polepole kuanzia chini, mimi nikawa nazunguka nje. Mwanga ukatoka mahali patatu. Chini ya mlango, vidole vyangu vitatu vikapita. Kwenye pembe, paa lilipoachana na ukuta. Na pa tatu ni fundo la ubao lililodondoka, tundu lenyewe kama jicho la ng'ombe. Hilo nililicheka nikaliacha. Panya akapita hapo hapo, akamaliza vifaranga wanne. Kwa paka yule niliomba radhi baadaye, kwa mwenyewe, maana yake.

Fanya hivyo leo. Kila kinapopita kidole gumba, ziba.

Halafu huo waya wako. Ule mwembamba wa matundu ya pembe sita kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Anayetaka kuingia huutafuna au huutanua, na aliyeshindwa kuingia hupitisha mkono akavuta kichwa cha kuku aliyelala karibu. Kwa hiyo fito zikae mbali na ukuta, na waya ubadilishe: tafuta wavu mgumu uliochomelewa, matundu ya mraba yasiyozidi nusu inchi. Usiuning'inize kwa vimisumari vilivyopindwa. Kandamiza kingo zake kwa vipande vya mbao, upige skrubu.

Chini wengi huchimba mtaro wakauzika wavu wima, kazi ya kuvunja mgongo. Mimi huulaza. Unaufunga kwenye tako la ukuta, unaukunjia nje ulale juu ya ardhi kama sentimita 45, unaufukia kwa udongo kidogo. Mnyama huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi, anakutana na chuma, anasogea kushoto, anasogea kulia. Kurudi nyuma hatua moja aanzie kule, hilo huwa halimjii kichwani. Nimeziona kucha zake asubuhi, mistari imejaa ukutani na udongo umetifuliwa, kuku wote wazima.

Mlango utie komeo mbili, moja iwe ya kunyanyua kwanza ndipo uvute. Mayai okota kabla ya jua kuzama. Chakula kisilale bandani, kinaita panya, na panya anaita nyoka. Uwanja wa mchana ufunike wavu juu kwa ajili ya mwewe. Wakishapanda kwenye fito, wahesabu kwa kuwagusa migongo, si kwa macho. Siku moja utakuta aliyekosekana amelala juu ya mti.

Waliokufa wafukie kwa kina, mbali na banda. Na huyo mgeni atarudi, leo au kesho, kwa sababu anajua alichokiacha. Wale wanne waliobaki wahamishie ndani kwenye tenga mpaka umalize kuziba. Watachafua, vumilia.

Ukishazunguka na tochi nipigie uniambie mwanga umetokea wapi. Wa kuingia ndani mtafute mtu mfupi. Wewe siku hizi hutoshi.

Mama yako