Yah: Mjomba wangu kuachwa nje ya geti, bili ya dola, na mengineyo

Kwa meneja na wenye hoteli,

Habari za kazi. Mi nililala kwenu siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, kile chumba cha juu chenye roshani inayoangalia mtaa. Nilikuja Tanga kwenye harusi ya mtoto wa mama mkubwa, nikasema safari hii silali kwa ndugu kubanana na watoto wanne kitanda kimoja, nitajilipia nilale mjini kati. Na niwaambie ukweli sikuja kwenu kwa sababu ya picha zenu za mtandaoni, nilikuja kwa sababu mimi ni mtoto wa hapo hapo mtaa wa Ngamiani na niliposikia kuna mtu amechukua lile jengo bovu akaliweka dari, milango na taa, nilifurahi kama limerudi la kwetu.

Maana mji kati wa Tanga tumeuona unavyonyauka. Zamani basi linakushusha katikati, unakunywa chai, unanunua kitenge, unapita kwa fundi saa ndo unaenda kwenu, sasa stendi iko Kange, nje ya mji, na mgeni anashuka huko huko anapanda bajaji anapotea. Ikifika saa mbili usiku mtaa wenu ni paka na walinzi tu. Maghorofa yale ya zamani yenye roshani za mbao, mengine mti umeota ukutani hadi umepasua dirisha. Kwa hiyo mtu akifungua hoteli pale namuombea dua kabisa, vyumba vinane sijui tisa si biashara ya kumtajirisha mtu, najua. Ndo maana barua hii imenichukua wiki tatu kuiandika.

Nianze na vidogo nivimalize. Eisii ilikuwa inadondosha maji juu ya mto, nikapiga mapokezi, akaja kijana mpole sana akaweka ndoo. Ndoo, kitandani. Nikalala ubavu mmoja nimekumbatia ndoo kama mtoto mchanga. Chai ya asubuhi mmeweka maziwa ya unga, jamani, Tanga! Mji ambao nchi nzima inaujua kwa maziwa, nyie mnakoroga unga. Na juisi ya boksi wakati Muheza pale karibu tu machungwa yanaoza chini ya miti. Nilipomuuliza dada wa jikoni akacheka akanionyesha kwa jicho mama wa ng'ambo ya barabara, kumbe wafanyakazi wenu wote chai na mandazi wanakunywa kule. Siku ya pili na mimi nikaenda kule.

Bili sasa. Chumba mmekiandika dola 85. Mimi Mtanzania, nimetoka Dar kwa basi, naletewa bili ya dola 170 halafu mnaigeuza kwa reti yenu wenyewe, 2,800, inakuja 476,000. Mnajua fika kwamba tangu Machi 2025 kuna kanuni inakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, hata muuza duka wa mtaani kwangu anaijua. Juu yake mkaongeza 20,000 "mafuta ya jenereta" kwa sababu umeme ulikatika Jumamosi usiku, kwani umeme niliukata mimi? Na risiti nikapewa ya kuandika kwa mkono, nikiuliza ya mashine naambiwa mashine mbovu.

Hayo yote ningeyameza, wallahi. Ningesema hoteli changa, watajifunza.

Jumamosi asubuhi mjomba wangu alikuja kunisalimia. Ana miaka sabini na kitu, amekuja na baiskeli yake kutoka barabara ya 12, kavaa kanzu na baraghashia kwa ajili ya harusi, chini ndala, na kwenye kikapu cha ukili amenibebea machungwa. Hana simu janja, ana kitochi, na siku hiyo hakikuwa na chaji. Mlinzi wenu akamzuia getini. Mzee akasema namfuata mwanangu yuko ndani, akataja jina langu kamili la baba na babu, akaambiwa asubiri ng'ambo, wageni wa baiskeli hawaruhusiwi. Hakuna aliyepiga simu chumbani. Mimi niko juu namsubiri mpaka namkasirikia kwamba kachelewa, nimevaa, nazunguka zunguka, nikatoka roshani kupunga upepo ndo namuona chini, kakaa kwenye ile baraza ya duka lililofungwa, kikapu magotini, ndala moja kavua anajikuna mguu taratibu. Dakika arobaini na tano. Yule mama wa mandazi ndo alimpa chai.

Nikashuka mbio. Mlinzi ni kijana mdogo, hakumwamkia mzee hata shikamoo, lakini sitaki mumfukuze kazi, aliniambia "dada haya ni maelekezo, bosi hataki watu wa mtaani wajae mapokezi". Kwa hiyo nawauliza nyie mliotoa maelekezo, hoteli iko mtaani, nani tena aje kama si watu wa mtaani?

Tukaingia. Na hapa ndo mnisikilize vizuri. Hotelini kwenu mmepamba kila kitu kwa mkonge. Zulia la mkonge, taa za mkonge, picha kubwa za wafanyakazi wa shambani wasio na majina, na vyumba mmevipa majina ya mambo ya mkonge, kimoja Singa, yaani nyuzi za mkonge, kimoja Korona, ile mashine ya kuzitoa, na changu, cha bei kubwa kuliko vyote, mmekiita Manamba. Mjomba akasoma kile kibao cha mlangoni, akasoma tena, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, "Yaani umelala Manamba kwa dola themanini na tano? Babu yako alilala bure, na kunguni juu."

Babu yangu aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge. Manamba si jina la mahaba, ni watu waliokuwa wanaitwa kwa namba badala ya majina yao, wanasafirishwa kutoka mikoa ya mbali kwa mkataba, wanahesabiwa matita ya majani ya mkonge kwa siku, usipomaliza kazi siku yako haiandikwi kwenye kipande, ile kadi ya kazi. Mjomba amezaliwa kambini kule kule, baadaye akawa karani wa kupima marobota. Anakumbuka mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, halafu kamba za nailoni zikaingia, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa 1967, na mji ukaanza kushuka nayo ngazi moja moja. Alisimama mbele ya ile mizani mliyoiweka mapokezi kama pambo akaniambia ile sahani mmeifunga kinyume. Alitaka kuwaambia. Hakukuwa na wa kumwambia, dada wa mapokezi alikuwa anaangalia ndala zake.

Na kwa kuwa tumefika hapo, lile bango lenu la historia kwenye ngazi limeandika Waingereza waliiteka Tanga Novemba 1914. Mtoto wa shule wa Tanga atawacheka. Novemba 1914 Waingereza walikuja na jeshi kubwa kutoka India wakapigwa na Wajerumani, nyuki nao wakawamalizia, wakarudi kwenye meli zao. Mji waliuchukua 1916. Rekebisheni, mtalii mwenye kitabu chake akisoma mtaaibika.

Ninachotaka ni hivi. Kwanza 20,000 ya jenereta irudi, na nusu ya bei ya usiku wa Ijumaa kwa ajili ya ile ndoo, mtumie kwa namba niliyolipia. Pili nipate risiti ya mashine, kwa shilingi. Tatu, bei zenu ziandikwe kwa shilingi, na hili sitaki mnijibu kwamba mtalifikiria. Jina la chumba sitawalazimisha kulitoa, mjomba mwenyewe kalicheka na mimi sina haki kuliko yeye, ila mkibaki nalo basi andikeni pale mlangoni manamba walikuwa nani, na mtafute majina ya watu walio kwenye zile picha, wengine wana wajukuu hapo Ngamiani wanaendesha bodaboda mbele ya geti lenu kila siku.

Na la mwisho, ambalo ndo la kwanza kwangu, mtu mwenye cheo, si mlinzi, aende akamtake radhi mjomba. Asimpigie simu wala asinitumie mimi ujumbe nimfikishie. Aende kwake. Barabara ya 12, ukiuliza mzee wa mizani utaonyeshwa. Akifika asipomkuta atakuwa msikitini, asubiri nje kwenye baraza. Kuna kivuli.

Wasalaam,
mgeni wenu wa chumba cha Manamba