Muache na 8 yake, mrudishie ndugu zake

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Sisi huku wazima. Bibi yako anakohoa kidogo, lakini anashinda barazani kama kawaida. Mama yako anakusalimu sana.

Nimefurahi mno kusikia kwamba wenzako wa hosteli wamekukaribisha kwenye mchezo wao wa Jumamosi, ule wa Dungeons & Dragons, ambamo kila mmoja anaigiza mhusika wake na msimulizi anaiongoza hadithi, na zaidi kwamba umeniuliza mimi. Unakumbuka nilipokuwa mpishi kwenye kambi ya watu wa gesi kule Msimbati. Usiku walikaa mezani na dadu zao za pande ishirini, nami nikishamaliza jikoni walinivutia kiti. Mchezo ule ninaupenda hadi leo, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Nimeisoma picha ya karatasi uliyonitumia. Umeandika: shujaa wa upanga, hajulikani atokako, wazazi walikufa, kijiji kilichomwa moto, haogopi kitu. Tena umemwomba msimulizi akubadilishie ile 8 iwe japo 10. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Muache na 8 yake, na umrudishie ndugu zake.

Tuanze na namba. Mmepewa sita zilizopangwa tayari: 15, 14, 13, 12, 10 na 8, na kila moja unaipeleka kwenye sifa moja: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara au haiba. (Wengine hurusha dadu nne za kawaida, wakaacha ile ndogo na kujumlisha tatu zilizobaki, mara sita. Ina raha yake, ila mmoja hutoka pandikizi la mtu na mwenzake akatoka hoi. Kwa mara ya kwanza, bora hizo zilizopangwa.) Sasa angalia zinavyofanya kazi: mhusika akijaribu jambo gumu, unarusha dadu ya pande ishirini. 10 haiongezi wala haipunguzi. 15 inakuongezea 2 juu ya dadu, na 8 inakupunguzia 1. Tuseme msimulizi amesema ukuta ule hauparamiwi bila kufikisha 15. Mwenye nguvu 15 anahitaji dadu imwangukie 13 au zaidi, yaani nafasi 8 katika 20. Mwenye nguvu 8 anahitaji 16 au zaidi, nafasi 5 katika 20. Kati ya sifa yako bora na ile dhaifu kuna pande tatu tu za dadu! Jambo ambalo mhusika wako amefundishwa linamwongezea 2 nyingine tangu ngazi ya kwanza, basi alichojifunza kina uzito sawa na vipaji alivyozaliwa navyo.

Kwa hiyo 8 haikuangamizi. Na ina faida kubwa ambayo 10 haina: inawapa wenzako mezani kitu cha kumjua mtu wako. Mwenye haiba 8 atasema neno baya mbele ya jumbe, na mwingine itabidi ainuke kusawazisha. Mwenye akili 8 huenda hasomi barua, atampa mwenzake amsomee, na huyo anaweza kumsomea uongo. Pale Msimbati nilikumbuka upungufu wa wahusika wa wenzangu muda mrefu baada ya kusahau panga zao.

Kuhusu kazi ya mhusika sitakuchosha: chukua mpiganaji, kama ulivyotaka. Kwa toleo la tano mnalolitumia, mpiganaji wa ngazi ya kwanza anaanza na uhai 10, na ustahimilivu wa 14 unamfikisha 12. Mchawi anaanza na 6, tena ana orodha ndefu ya kusoma usiku kucha. Mchawi utamcheza mwakani.

Sasa ndugu, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ulizaliwa kutoka michezo ya vita ya askari wadogo wa kupanga mezani, ambamo mchezaji mmoja aliongoza kikosi kizima. Wao wakampa kila mchezaji mtu mmoja tu wa kumtunza. Mtu huyo mmoja ukimfanya hana mama, hana kwao, hana anayemdai, umemrudisha kuwa askari wa kupangwa. Najua kwa nini wanaoanza hufanya hivyo: wanaogopa msimulizi atawateka ndugu wa mhusika na kuwatesa. Mwache awateke! Asipokuwa na mtu wa kumkosa, mhusika wako atavuka pori zima akitafuta dhahabu, na dhahabu ya kwenye karatasi haimlizi mtu.

Mwandikie watu watatu, sentensi moja moja: anayempenda, anayemdai, na ambaye hawasemezani. Mpe karatasi hiyo msimulizi kabla ya Jumamosi. Ndiyo akiba yake ya kutungia.

Nikupe mfano wa kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kilima cha Tendaguru, Lindi. Wachimbaji wengi walikuwa watu wa huku, na mizigo ilichukuliwa na wapagazi kwa miguu, vichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa makumbusho huko, kimo chake zaidi ya mita 13. Mimi huwafikiria wale wapagazi. Chukua mmoja, mhamishie kwenye nchi yenu ya kubuni, ambako mifupa ile ni ya joka. Nguvu 15, ustahimilivu 14, busara 13, wepesi 12, akili 10, haiba 8, kwa sababu miaka yote ameambiwa beba, hakuulizwa neno. Mkewe anamsubiri. Mnyapara anamdai mzigo mmoja ambao haukufika. Kaka yake hasemi naye, maana anajua mzigo ule uko wapi. Na usiku mmoja njiani mfupa alioubeba ulipiga kama moyo. Huyo ana sababu ya kutoka nyumbani, na ana sababu ya kutaka wenzake: hawezi kusema mbele ya wakubwa, hakufundishwa kusoma maandishi ya kwenye sanduku. Kama unampenda, mchukue, ni wako. Kama una mwingine moyoni, mjenge hivyo hivyo.

Umesema pia unaona haya kuongea mbele ya wenzako. Hakuna anayekulazimisha kubadili sauti. Sema "anamwendea jumbe, anamwomba maji", inatosha kabisa. Siku moja utajikuta umesema "nipe maji" bila kukusudia, kama mchezaji wa mapiko anavyopata miguu ya yule aliyechongwa kwenye kinyago akishakivaa.

Bibi yako aliposikia neno mchawi aliuliza kama huko chuoni mmeingia mambo ya giza. Nilimweleza kwamba ni hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, ila wasikilizaji nao wanaamua shujaa apite njia ipi, na pale wasipokuwa na hakika dadu inaamua. Akanyamaza, kisha akauliza nani anapata zamu ya kwanza. Amekuruhusu.

Jina la mhusika usilichelewe kwa siku tatu. Chagua ambalo wenzako wataweza kulitamka wakiwa na haraka, kwa sababu kwenye vita watalipiga kelele.

Mama yako amekuwekea korosho kilo mbili, zimebanguliwa na kukaangwa. Tumezituma leo kwa basi la Dodoma. Stakabadhi ya mzigo nimekupigia picha, kazipokee stendi. Nyingine peleka mezani, wachezaji hula sana. Kisha niandikie wale watu watatu ni kina nani, na 8 umeiweka wapi.

Ni mimi baba yako