Sukari ya ORS hailishi kipindupindu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia. Ila ile habari ya ukurasa wa afya, iliyodai kwamba kimelea cha kipindupindu hunenepa kwa sukari na hivyo mgonjwa apewe maji ya chumvi pekee badala ya ORS, yale maji ya sukari na chumvi anayonyweshwa mwenye kuhara, siwezi kuinyamazia. Bila shaka unaikumbuka. Iliwekewa picha ya kijiko cha sukari chenye alama nyekundu ya X.

Mwandishi wenu hakuzusha kila kitu. Alishika mkia wa jambo la kweli akadhani ameshika ng'ombe mzima. Ni kweli kwamba kimelea hicho, Vibrio cholerae, hufungamanisha ulaji wake na uwezo wake wa kudhuru. Glukosi, ile sukari iliyomo katika ORS, ikipungua, ndani ya kimelea huongezeka molekuli ndogo iitwayo saikliki-AMP. Molekuli hiyo hushikana na protini iitwayo CRP, na kwa pamoja hukandamiza jeni za vitu viwili ambavyo bila hivyo ugonjwa hauji: vinywele vya kung'ang'ania utumbo, viitwavyo TCP, na sumu yenyewe. Glukosi ikiwa tele, saikliki-AMP hushuka na breki hulegea. Watafiti Skorupski na Taylor walilieleza hilo mwaka 1997. Hapo ndipo mwandishi wenu aliporuka kutoka chupa ya maabara hadi kikombe cha mgonjwa.

Angeuliza maabara yoyote angeambiwa kwamba breki ziko nyingi. Kimelea kikinusurika tindikali ya tumbo hukutana na nyongo, na asidi za mafuta zilizomo humo hujichomeka ndani ya ToxT, protini inayowasha jeni za sumu, zikaizima. Kinapopenya ute na kukaribia ukuta wa utumbo, ambako bikaboneti ni nyingi, ToxT huamka. Yaani kimelea hujua kilipofika kwa kuonja kilichokizunguka, na glukosi ni ladha moja tu kati ya nyingi. Tena glukosi yenyewe si rafiki wa kila aina ya kimelea hiki. Mwaka 2006 Yoon na Mekalanos walionyesha kwamba aina ya zamani, ile ya klasiki, ikipewa glukosi nyingi hutoa tindikali nyingi mpaka inajiua. Aina ya El Tor, iliyoanzisha wimbi la kipindupindu la dunia huko Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961 na kufika Afrika mwaka 1970, hukwepa kifo hicho kwa kugeuza sehemu ya sukari kuwa asetoini, ambayo si tindikali. Ndiyo maana kipimo cha Voges-Proskauer, ambacho hutafuta asetoini, kimetumika miaka mingi kuzitofautisha aina hizo mbili.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya saikliki-AMP mbili. Ndani ya kimelea, hiyo ni ishara ya njaa. Ndani ya seli za utumbo wa binadamu, molekuli hiyohiyo hupandishwa na sumu ya kipindupindu mpaka milango ya kloridi inabaki wazi. Kloridi humwagika ndani ya utumbo, sodiamu, mwenzake katika chumvi, na maji hufuata, na mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Habari yenu ilisema sukari huongeza "molekuli inayotoa maji mwilini". Hapana. Inayoiongeza ndani ya seli ya mgonjwa ni sumu. Sukari ya ORS inapita mlango mwingine kabisa, uitwao SGLT1, ambao huingiza glukosi moja pamoja na sodiamu mbili, na maji huzifuata. Mlango huo sumu haiufungi. Hata utumbo ukimwaga maji kama bomba lililopasuka, SGLT1 inaendelea kuvuta maji kuyarudisha ndani, mradi glukosi na sodiamu vifike pamoja. Ondoa sukari, na mlango huo hauna cha kupitisha: chumvi inabaki ndani ya utumbo, maji yanabaki nayo, na ikizidi inavuta mengine kutoka mwilini. Kama hoja ni chakula cha kimelea, basi mtazame pale kinapokipata. Mwaka 2019 Rivera-Chávez na Mekalanos walionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba sumu yenyewe hukifungulia kimelea ghala la mwili: madini ya chuma yaliyomo kwenye hemu, ile rangi nyekundu ya damu, na asidi ndefu za mafuta. Kinakula kwa mgonjwa, hakisubiri kikombe. Kumnyima mgonjwa sukari hakukipi njaa, kunamnyima yeye maji.

Haya si mabishano ya vitabuni. Siku chache baada ya habari hiyo kutoka, mwanamume wa kilo 60 hivi aliletwa kituo cha afya akiwa amenyweshwa maji ya chumvi usiku kucha, kwa sababu jirani aliwasomea gazeti. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, mapigo ya mkononi hayashikiki. Mtu wa hali hiyo huhitaji dripu ya Ringer's lactate mililita 100 kwa kila kilo: lita 1.8 ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha lita 4.2 ndani ya saa mbili na nusu, na ORS mara tu anapoweza kumeza. Hizo ni lita sita za dripu kwa mtu mmoja. Angeanza ORS jioni, kikombe baada ya kila choo, huenda asingehitaji hata sindano. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aligawa maji ya glukosi na chumvi kwenye mapipa, na vifo vikashuka hadi asilimia 3.6. Bila matibabu, kipindupindu kikali huua hata nusu ya wagonjwa.

Pengine mwandishi alisikia kwamba sukari ya ORS ilipunguzwa. Ni kweli, mwaka 2002, kutoka milimoli (kipimo cha wingi wa kemikali) 111 hadi 75 kwa lita, na sodiamu kutoka 90 hadi 75. Sababu haikuwa kimelea. Mchanganyiko mzito mno huvuta maji kuyaingiza utumboni, na kwa sababu hiyohiyo soda na juisi za dukani hazifai kumpa mwenye kuhara. Pakiti ya lita moja leo ina glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Ziko pia pakiti za nusu lita na za mililita 200, na maafa mengi huanzia hapo: pakiti ya lita humiminwa kwenye chupa ya soda ya nusu lita, mgonjwa akapata chumvi maradufu. Soma pakiti kwanza, ndipo utafute chupa.

Na maadamu nimeanza, niliseme na la maduka ya dawa. Kila anayehara anauziwa metronidazoli. Dawa hiyo hubaki imelala mpaka iamshwe na umetaboli wa viumbe wanaoishi bila oksijeni, kama amiba na giardia. Haimo katika matibabu ya kipindupindu. Antibayotiki inayotumika kwa mgonjwa mzito, mathalani doksisiklini miligramu 300 mara moja kwa mtu mzima pale kimelea kisipokuwa sugu kwake, huja baada ya maji wala haichukui nafasi yake. Mtoto huongezewa zinki miligramu 20 kwa siku (10 akiwa chini ya miezi sita) kwa siku 10 hadi 14. Muuzaji anayetoa vidonge bila kuuliza mgonjwa amekunywa maji kiasi gani anamchelewesha, na saa nne za kuchelewa kwa ugonjwa huu zinatosha kumuua.

Lingine ambalo habari yenu iliruka kabisa ni choo. Chakula kikipungua na vimelea vikisongamana, huachia ukuta wa utumbo na kutoka, na vinavyotoka vinakuwa vikali kuliko vilivyoingia: idadi ndogo tu hutosha kumwambukiza mwingine, na ukali huo hudumu angalau saa tano majini. Kwa hiyo palipo na msongamano, kama Kagunga mwezi Mei 2015 walipojazana wakimbizi wa Burundi, ugonjwa hukimbia. Ndoo ya mgonjwa itiwe klorini ya asilimia 2 papo hapo, si kesho asubuhi: gramu 30 za unga wa klorini uitwao HTH, wa asilimia 70, kwa kila lita ya maji. Ya kunawia mikono ni asilimia 0.05, yaani kijiko kikubwa kimoja, gramu 15, kwa ndoo ya lita 20.

Ninachoomba ni hiki. Chapeni ukurasa wa kwanza, siku saba mfululizo, kisanduku chenye upana wa sentimita 16. Ndani yake uwemo mchoro wa kijiko cha chai kwa ukubwa wake halisi, sukari ikiwa imesawazishwa kwa kisu, isiwe kilima. Chini yake muandike: maji safi lita 1, sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko, tumia haya mpaka upate pakiti ya ORS, kwa sababu hayana potasiamu. Mtu akikate kisanduku na kukibandika juu ya mtungi. Kiwekeni juu kabisa, pale mlipoweka ile picha yenye X, na tangazo la soda lisikae jirani nacho.

Msomaji wenu,
Kigoma